Kimeng'enya Kinacholeta Habari za Tumbo

Familia nyingi za Waswahili wa Maskati zinakijua kimeng'enya kimoja kwa jina lake, hata nyumba ambayo hakuna aliyesomea sayansi. Mtoto akizaliwa, hauchukui muda utawasikia watu wakiulizana: ana G6PD au hana? Akionekana ana upungufu, bibi huambiwa baqila, yale maharage mapana, basi, zile dawa nyeupe za kuwekea nguo zisikae chumbani kwa mtoto, na daktari yeyote aelezwe kabla hajaandika dawa. Si ajabu. Uchunguzi wa kitaifa wa maradhi ya damu ya kurithi ulikuta karibu robo ya wanaume wa Oman wana upungufu huo. Kwa hiyo habari kwamba protini moja ndani ya damu inaweza kumwambia mtu ale nini na aache nini si ngeni kwetu.

Wanaojua kwamba vimeng'enya vingine vinaweza kuleta habari za mfuko wa chakula, kongosho na njia ya nyongo ni wachache. Na wanaoelewa ni habari gani hasa vinaleta ni wachache zaidi. Hapo ndipo watu wanapoumia: mmoja hofu inamla bila sababu, mwingine analala usingizi mzuri naye hakupaswa kulala.

Habari hizo kwa kawaida hazitoki Darsait, iliyo wilaya ya Matrah ikipakana na Ruwi, ambako ndiko ziliko maabara kuu za afya ya jamii za Wizara ya Afya, ambazo wengi walizisikia mara ya kwanza wakati wa Uviko-19. Kazi kubwa ya maabara zile ni maradhi ya kuambukiza. Damu ya kuangalia ini, figo au sukari mtu huitoa kituo cha afya cha mtaani au zahanati ya kulipia, kisha hurudi nyumbani na karatasi. Karatasi yenyewe unaijua. Kushoto majina ya vipimo kwa Kiingereza, katikati namba, kulia kiwango cha kawaida, na pembeni ya namba iliyotoka nje ya kiwango kuna herufi moja, H au L. Herufi hiyo moja imewakosesha watu usingizi. Shangazi humpigia simu mtoto wa kaka yake anayefanya kazi ya famasia:

"Baba, hapa kwenye ALP wameniwekea H. Ndiyo kansa hiyo?"

"Hapana, shangazi. H ni kusema imepanda. Imepanda kwa sababu gani, karatasi haisemi."

Jibu la kijana huyo ni sahihi, na wengi tungelielewa vizuri tungeokoa fedha nyingi na, wakati mwingine, maisha. Kimeng'enya cha damu hakimwambii mtu kwamba ana saratani. Kinaeleza hali ya kiungo kilichokitoa. Mwenye kujua tofauti ya mambo hayo mawili anaweza kukitumia vizuri. Asiyeijua atauziwa vipimo.

Kimeng'enya ni protini yenye kazi maalumu: kuvunja kitu, kujenga kitu, au kugeuza kitu kuwa kingine. Kila seli ina maelfu ya vimeng'enya, na kwa kawaida hukaa ndani ya seli au humwagwa mahali panapohitajika, kama tumboni au kwenye utumbo. Kiasi kidogo huvuja na kuingia katika damu. Seli zikifa kwa wingi, zikiongezeka kupita kiasi au zikipungua, kiasi kinachovuja hubadilika. Mwaka 1943 mkemia wa Kijerumani Otto Warburg, aliyekwishapata Tuzo ya Nobel mwaka 1931, alieleza pamoja na Walter Christian kwamba damu ya panya wenye uvimbe wa saratani ilikuwa na kimeng'enya kiitwacho aldolesi kingi kuliko kawaida. Matumaini yakawa makubwa. Lakini aldolesi imo katika kila msuli wa mwili, na humwagika katika damu kwa sababu chungu nzima ambazo hazihusiani na saratani. Tatizo hilo ndilo lililowasumbua watafiti miaka yote iliyofuata: kupata kimeng'enya kinachotoka sehemu moja tu, ili kikibadilika ujue mlango gani wa kubisha.

Kwa mfuko wa chakula, kimeng'enya hicho kipo. Kinaitwa pepsinojeni.

Ndani ya ukuta wa mfuko wa chakula kuna tezi ndogo mno, zimejipanga kwa mamilioni. Chini kabisa ya tezi zilizoko sehemu ya juu na ya kati ya mfuko kuna seli zenye kazi ya kutengeneza pepsinojeni. Hiki ni kimeng'enya kilicholala. Kikimwagwa ndani ya mfuko na kukutana na asidi, huamka na kuwa pepsini, nayo huanza kuvunja nyama, samaki na kunde ulizokula. Pepsini ilipewa jina na Theodor Schwann mwaka 1836. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1930, John Northrop wa Marekani aliweza kuitengeneza ikawa fuwele safi na kuonyesha kuwa ni protini. Miaka minne kabla yake, Mmarekani mwenzake James Sumner alikuwa amefanya hivyo hivyo kwa kimeng'enya kingine, yuriesi, alichokitoa katika maharage. Wote wawili walipata Nobel ya kemia mwaka 1946. Kumbuka jina la yuriesi, tutakutana nayo tena baada ya muda mfupi, na safari hii haitakuwa ndani ya maharage.

Pepsinojeni ziko za aina mbili. Aina ya kwanza hutoka kwenye zile seli za sehemu ya juu na ya kati peke yake. Aina ya pili hutoka huko na pia sehemu ya chini ya mfuko hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Nyingi humwagwa ndani ya mfuko, na sehemu ndogo, kama asilimia moja, huingia katika damu. Sasa ukuta wa mfuko ukikonda, zile tezi za juu na kati hufa moja baada ya moja, na pepsinojeni ya kwanza katika damu hushuka. Ya pili haishuki kwa kasi ile, kwa sababu ina vyanzo vingine. Basi ukigawa ya kwanza kwa ya pili, jibu linazidi kuwa dogo kadiri ukuta unavyozidi kukonda. Karani wa bandarini Unguja asiyefika Pemba mwaka mzima angeweza kujua mikarafuu imekufa kwa kuangalia tu magunia yanayopita kwenye mizani yake. Daktari anayesoma namba hizi anafanya kazi ya karani yule.

Na kwa nini kukonda kwa ukuta kutushughulishe? Kwa sababu aina kubwa ya saratani ya mfuko wa chakula haianzi ghafla. Kwanza ukuta huvimba na kuwa mwekundu kwa miaka mingi, kisha hukonda, kisha seli zake huanza kufanana na seli za utumbo, kisha huharibika umbo, na mwisho wake saratani. Njia hiyo ilielezwa na Pelayo Correa, mtaalamu aliyezaliwa Kolombia, na huchukua miongo kadhaa. Wengi huishia njiani wasifike mwisho. Lakini aliyefika hatua ya ukuta kukonda yuko karibu na hatari kuliko jirani yake, naye mara nyingi hahisi chochote, au huhisi kiungulia kidogo na tumbo kujaa, akalaumu pilau ya jana.

Anayeanzisha mwendo huo, katika watu wengi, ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Robin Warren na Barry Marshall walimtambua huko Perth, Australia, mwaka 1982. Madaktari hawakuamini kwamba kiumbe chochote kinaweza kuishi ndani ya asidi ile, hata Marshall mwaka 1984 akanywa bakteria hao mwenyewe, akaugua, akapimwa na ukuta wa tumbo lake ukakutwa umevimba. Mwaka 1994 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani ulimweka bakteria huyu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na mwaka 2005 Warren na Marshall wakapewa Nobel. Siri ya bakteria kuishi katika asidi ni yuriesi, kimeng'enya kile kile alichokisafisha Sumner. Kwa yuriesi hugeuza urea kuwa amonia, na amonia huipoza asidi iliyomzunguka. Kipimo cha kupuliza pumzi ambacho wengi tumekifanya hospitalini kinamkamata kwa hila yake hiyo: unakunywa urea iliyotiwa alama, yuriesi inaivunja, na alama inatoka na pumzi yako. Huna bakteria, pumzi haina alama.

Mara nyingi bakteria huyu huingia mwilini utotoni, ndani ya nyumba, mahali penye msongamano na maji haba. Jambo hili linawahusu wazee wetu moja kwa moja. Bibi aliyezaliwa Wete au Mkoani miaka ya hamsini, akaja Maskati baada ya 1970 pamoja na maelfu waliorudi kutoka Afrika Mashariki, na mwenzake aliyezaliwa Rustaq au Ibra kabla mabomba hayajafika, huenda wote wawili wamembeba bakteria huyo tangu wana miaka mitatu minne. Mjukuu wao aliyezaliwa Darsait kwenye maji ya bomba na vyumba vya kutosha ana uwezekano mdogo zaidi wa kuwa naye. Watatu hao hula sahani moja ya wali Ijumaa, lakini matumbo yao hayana historia moja. Daktari anapouliza "ulizaliwa wapi, mlikuwa wangapi nyumbani", haulizi kwa udadisi. Katika daftari la saratani la Oman, saratani ya mfuko wa chakula kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa zinazoongoza kwa wanaume, na ya utumbo mpana nayo imekuwa ikipanda.

Walioitumia pepsinojeni kwa upana zaidi ni Wajapani, kwa sababu nchi yao imesumbuliwa sana na maradhi haya. Profesa Kazumasa Miki na wenzake waliweka viwango ambavyo bado vinatumika: pepsinojeni ya kwanza ikiwa nanogramu 70 kwa mililita au chini ya hapo, na mgao wa ya kwanza kwa ya pili ukiwa 3 au chini, basi ukuta unadhaniwa umekonda. Baadaye wakaongeza kipimo cha kingamwili za Helicobacter na kuwagawa watu makundi manne. Kundi A hawana bakteria na pepsinojeni zao ni nzuri. Kundi B wana bakteria, pepsinojeni nzuri. Kundi C wana bakteria na pepsinojeni zimeshuka. Kundi D pepsinojeni zimeshuka, lakini kipimo hakioni bakteria.

Mtu akisoma haraka atasema wa D ana nafuu kuliko wa C, maana hana bakteria. Kinyume chake ndicho kweli. Wa D ndiye mwenye hatari kubwa kuliko wote. Ukuta wake umekonda hadi bakteria mwenyewe ameshindwa kuishi pale, ameondoka na kuacha uharibifu. Hili ni jambo moja ambalo ningependa kila mwenye karatasi mkononi alijue, kwa sababu maneno "hana Helicobacter" kwa mzee wa miaka sabini huweza kuwa habari njema, na huweza pia kuwa habari mbaya, na bila pepsinojeni au kamera ya kuangalia ndani ya tumbo huwezi kujua ni ipi.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo ukweli wa vipimo hivi ulipo. Chukua watu 1,000 wa makamo wasio na dalili. Tuseme, kwa mfano tu, 5 kati yao wana saratani ya mfuko wa chakula bila kujua. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kutolewa mwaka 2004 ulikuta kwamba kwa viwango vile vya 70 na 3, kipimo cha pepsinojeni hukamata wagonjwa kama 77 katika kila 100, na huwapitisha wazima kama 73 katika kila 100. Basi katika wagonjwa wetu 5, kitakamata 4 na mmoja atampita. Katika wazima 995, kitawanyooshea kidole 269. Jumla watu 273 watarudi nyumbani na namba mbaya, na kati yao wagonjwa wa saratani ni 4.

Ukimwangalia mmoja wa hao 273 akilia kwenye gari yake nje ya zahanati, utamwambia nini? Umwambie ukweli: katika kila watu 68 wenye karatasi kama yake, 67 hawana saratani. Umwambie pia kwamba wengi wa wale 269 hawakuonewa, maana ukuta wao kweli umekonda, na kujua mapema kunawapa nafasi ya kutibu bakteria na kufuatiliwa. Kisha umwambie hatua inayofuata, nayo ni moja: mpira mwembamba wenye kamera upite mdomoni uangalie ukuta wenyewe, na vipande vidogo vichukuliwe vikapimwe. Saratani ya mfuko wa chakula inayokutwa ikiwa bado changa, kwa takwimu za Japani, zaidi ya watu 90 katika 100 huwa hai baada ya miaka mitano. Ikishatoka nje ya mfuko, matumaini hupungua sana. Faida ya pepsinojeni ni kupunguza foleni ya kamera, ili waanze wanaohitaji zaidi. Hukumu inabaki kwa kamera.

Na yule mgonjwa mmoja aliyepita? Huyo ndiye ninayemfikiria zaidi. Kuna saratani ya mfuko wa chakula inayosambaa ndani ya ukuta bila ukuta kukonda kwanza, na huwapata hata vijana. Pepsinojeni ya mtu huyo inaweza kuwa nzuri kabisa. Akiambiwa "damu yako safi, nenda zako", ataondoka na ugonjwa wake.

Kuna na mitego midogo ambayo mtu wa kawaida anaweza kuiepuka kwa kusema tu. Dawa za kuzuia asidi kama omeprazoli, ambazo Maskati zimo karibu katika kila mkoba wa mama mtu mzima, hupandisha pepsinojeni na kuficha ukuta uliokonda. Hizo hizo humfanya bakteria asionekane kwenye kipimo cha pumzi, ndiyo maana huambiwa uziache kwa wiki mbili kabla ya kupuliza. Figo zikiwa dhaifu, pepsinojeni hupanda. Aliyekwisha kutibiwa Helicobacter namba zake hubadilika, wala hapaswi kuwekwa katika makundi yale manne kana kwamba hajawahi kuugua, maana bakteria akiondoka hatari haiondoki yote. Kabla hujatoa damu, mwambie anayekupima dawa unazokunywa na tiba ulizopata. Hakuna mashine inayoweza kukisia.

Turudi kwa shangazi na ALP yake. Hiki ni kimeng'enya kinachotoka hasa sehemu mbili, njia za nyongo ndani ya ini na mifupa. Njia ya nyongo ikizibwa, iwe na kijiwe au na uvimbe wa kichwa cha kongosho, ALP hupanda. Lakini hupanda pia kwa mtoto anayekua, kwa mama mjamzito kwa sababu kondo la nyuma nalo huitoa, kwa aliyevunjika mfupa unaounga, na kwa mwenye upungufu wa vitamini D. Hilo la mwisho si dogo katika Ghuba. Jua letu ni kali, ila sisi tunalikimbia: nyumba zimefungwa, kiyoyozi kinafanya kazi, nguo zimefunika mwili. Upungufu wa vitamini D ni wa kawaida sana Oman, na kwa wanawake zaidi. Daktari akitaka kujua ALP imetoka wapi, huangalia jirani yake kwenye karatasi ile ile, GGT, ambayo mifupa haiitoi. ALP imepanda na GGT imetulia, macho yaelekee kwenye mifupa. Zimepanda zote mbili, na hasa kama macho yamekuwa manjano, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi na choo kimepauka, basi apigwe picha ya ini na njia ya nyongo bila kuchelewa. Ni namba mbili tu, zimo katika karatasi ya kawaida, na zimepelekea uchunguzi wa maana mara nyingi kuliko vipimo vyenye majina makubwa.

Vyenye majina makubwa ni hivi vinavyouzwa kama alama za saratani: CEA na CA 19-9. Hivi si vimeng'enya, lakini hutiwa katika fungu moja navyo. CEA iligunduliwa Montreal mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman. Inapanda kwa mvuta sigara asiye na saratani yoyote, na inaweza kutulia kwa mwenye saratani changa ya utumbo mpana. CA 19-9 haitengenezwi kabisa na watu kama 5 hadi 10 katika kila 100, kwa jinsi damu yao ilivyoumbwa. Hao wakiwa na saratani ya kongosho kubwa kiasi gani, kipimo kitakaa kimya. Kazi yake hasa ni kumfuatilia mtu aliyekwisha kujulikana ana saratani, kuona kama tiba inafanya kazi. Kumuuzia mtu mzima, asiye na dalili, fungu la alama hizi na kumwambia atajua kama ana saratani au hana ni kumdanganya, na ninaandika neno hilo kwa makusudi.

Hata hivyo sayansi haikusimama. Februari 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi cha Oregon, Marekani, walitoa kazi yao kuhusu saratani ya kongosho, ambayo ni hatari kwa sababu hugunduliwa imechelewa. Hawakupima wingi wa kimeng'enya; walipima kazi yake. Saratani ya kongosho hutoa vimeng'enya vya kukata protini ili ipenye kwenye tishu za jirani. Watafiti walitengeneza chembe ndogo za sumaku, wakazifunga kamba fupi ya protini yenye rangi inayong'aa. Tone la damu la mikrolita 8, ambalo ni dogo kuliko tone la kupimia sukari kwa mashine za zamani, likichanganywa na chembe hizo, vimeng'enya vya saratani hukata kamba. Sumaku huvuta zilizobaki nzima, na mwanga unaobaki katika maji hueleza ukataji umefanyika kiasi gani. Inachukua dakika 45. Kipimo kilikamata wagonjwa 73 katika kila 100 na kuwapitisha wazima 98 katika kila 100. Kilipounganishwa na CA 19-9, kilikamata 85 katika kila 100 walio katika hatua ya kwanza kabisa. Chuo Kikuu cha Tokyo nao, kundi la Toru Komatsu na Yasuteru Urano, wanafuata njia ya kutenga molekuli moja moja ya kimeng'enya katika vishimo vidogo mno na kuangalia ipi inafanya kazi vipi. Kazi hizi zimefanywa kwa damu iliyokwisha hifadhiwa, ya watu ambao ugonjwa wao unajulikana. Bado hazijawa vipimo vya zahanati, na mtu akikwambia anavyo dukani kwake, muulize maswali.

Kwa utumbo mpana, kimeng'enya cha damu cha kutegemea hakipo. Marekani iliidhinisha Julai 2024 kipimo cha damu kinachotafuta vipande vya DNA vya saratani hiyo. Hukamata saratani 83 katika 100, lakini vinundu vikubwa vinavyokaribia kuwa saratani hukamata 13 tu katika 100. Na kinundu ndicho tunachokitaka, maana kikitolewa saratani haiji. Kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho, kikifuatiwa na kamera ya nyuma, kinabaki kuwa bora kwa mtu wa kawaida, na ni rahisi. Watu wetu wanakionea haya. Haya hiyo imeua.

Nimalize na jambo la ndugu zetu wa bara. Kuanzia Kenya magharibi kupitia Tanzania hadi Malawi kuna ukanda ambao saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni ya kawaida kuliko sehemu nyingi za dunia. Watafiti wa Eldoret, Moshi na Malawi wamekuwa wakiwahoji wagonjwa na wazima juu ya chai ya moto sana, tumbaku, pombe na moshi wa kuni. Mwaka 2016 wakala ule ule wa saratani uliweka vinywaji vya moto kuzidi nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani ya umio. Pepsinojeni haikutengenezwa kwa umio. Aliyekuja Maskati kutoka Bomet au Kilimanjaro, chakula kikimkwama kifuani akishindwa hata ugali laini, asipewe kipimo cha damu kama jibu.

Mwenye miaka zaidi ya arobaini na tano, au mwenye mzazi au ndugu aliyekufa kwa saratani ya tumbo, amwone daktari wa kituo chake na aulize juu ya Helicobacter, pepsinojeni na kipimo cha choo. Lakini anayepungua uzito bila kutaka, anayetapika mara kwa mara, anayeshiba kwa tonge tatu, mwenye choo cheusi kama lami, mwenye upungufu wa damu usio na maelezo, au ambaye chakula kinamkwama, huyo aombe kamera, hata kama karatasi yake ya damu haina herufi moja ya H.